Moto Nje ya Mstari

Mwaka 1983 ulitangazwa Omani kuwa mwaka wa vijana, na ndio mwaka ambao Bi Khole aliambiwa kuwa umri wake wa kupiga ngoma umekwisha.

Hakuambiwa kwa ubaya. Shukriya, mkubwa wa kamati ya sherehe za wanawake, alitoka Nizwa mwenyewe akaja mpaka kwetu Ibra. Alivua viatu mlangoni, akatuamkia wazee mmoja mmoja, akala tende na kunywa kahawa mpaka akakitikisa kikombe kuonyesha kwamba ametosheka. Baada ya hapo ndipo aliposema alichokuja kukisema.

Kutakuwa na mashindano ya vikosi vya ngoma vya wanawake, alisema, huko Nizwa, mwezi wa Novemba, katika uwanja wa skuli ya wasichana, na watazamaji watakuwa wanawake watupu. Kila mji utaleta kikosi kimoja. Kikosi kitaingia kwa safu, kitatembea kikipiga, kitageuka, kitasimama mbele ya waamuzi, kisha kitatoka. Washindi watapewa kikombe, na mwakani watakwenda kupiga Maskati. Na kila atakayekuwa ndani ya mstari wa uwanja awe amefika miaka kumi na tano na hajapita ishirini na tano.

Kikosi chetu kiliitwa Nyota Njema. Wazee tulikuwa watatu, waliobaki wote ni wasichana. Mimi na Fakhriya tulipiga chapuo, zile ngoma ndogo zinazochachatika. Khole alipiga vumi, ngoma kubwa inayoshika mwendo wa wengine wote. Vumi likikaa kimya, nyengine zote ni kelele tu.

Fakhriya, ambaye hajapata kuuacha mzaha hata kwenye msiba, aliuliza kama hiyo ishirini na tano ni kwa kila mguu. Wasichana wakacheka ndani ya mitandio yao. Khole hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, vumi liko ubavuni pake, na mkono wake ulikuwa juu ya ngozi kama mtu aliyeweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

"Mimi nina hamsini na mbili," alisema. "Kwa hivyo mimi simo."

"Humo, mama," Shukriya akajibu. "Niwie radhi."

"Kwa nini?"

Shukriya hakubabaika. Alisema yeye amekulia Pemba, na kwao kulikuwa na ngoma ya akina mama kama hii yetu. Alipokuwa mdogo aliambiwa angoje akue. Alipokua aliambiwa angoje aolewe. Mapinduzi yalipowafukuza kwao, alikuwa hajaigusa ngoma hata kwa kidole.

"Nataka wasichana wapige bila ya kungoja mtu afe," alisema.

"Kwa hivyo ili wao wapige, sharti nife mimi?"

"Sikusema ufe, mama. Nimesema ukae."

"Kwangu ni mamoja," alisema Khole.

Mjukuu wangu Aliya, aliyekuwa na miaka kumi na saba na ndiye aliyekuwa akikaa ubavuni pa Khole katika kila mazoezi, alikuwa anatazama mkeka. Nilimwona Shukriya naye amemtazama Khole kwa huruma, huruma ya kweli, lakini hakurudi nyuma. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa nilikuwa namwonea uchungu shoga yangu.

Khole akauliza jengine. Ngoma zetu ni za ngozi, nani atazipasha moto? Shukriya akasema kamati ina ngoma mpya za plastiki, zenye parafujo pembeni, hazihitaji moto wala jua. Khole akazikataa kwa kichwa. Shukriya akaona hapo anaweza kutoa kidogo, akatoa. Kila kikosi kije na ngoma zake kikitaka, alisema, na wapashaji wawe wa umri wowote, alimradi wakae nje ya mstari.

"Nje ya mstari, umri wowote," Khole akarudia.

"Naam, mama."

"Umesema mbele ya watu."

"Nimesema."

Khole akamsukumia sahani ya tende, akamwambia ale zaidi, safari ya Nizwa ni ndefu.

Lazima nieleze habari ya moto, kwa sababu wengi wa watakaosoma wamezikuta ngoma za parafujo. Ngoma ya ngozi hunywa unyevu. Hewa ikiwa na maji, ngozi hulegea, na sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Dawa yake ni moto. Huiweki ngoma juu ya moto, unaiegemeza mbele yake na kuigeuza, kama unavyogeuza mkate, mpaka ngozi ikaze. Na huwezi kujua kuwa imeiva kwa kuitazama. Lazima uigonge. Ukiigonga katikati ikujibu kwa kifua, ukiigonga ukingoni ikujibu kwa meno. Kugonga huko kunaitwa kupima, na kupima si kupiga.

Mimi na Khole tulikulia mtaa mmoja Unguja, Kikwajuni. Kikosi cha mama zetu kilikuwa na sharti lake, gumu kuliko hili la Shukriya: mwanamke hapigi vumi mpaka azae. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa motoni. Tulichochea vifuu na makuti, tukageuza ngoma, tukapima. Khole alikuwa akipima kwa muda mrefu kuliko sote. Mama zetu wakipiga pale kati, yeye pembeni alikuwa akipima pamoja nao, kwa ncha za vidole, pigo kwa pigo, na hakuna aliyepata kumkataza, maana mpashaji anapima, ndiyo kazi yake. Alipozaa mtoto wake wa kwanza akakabidhiwa vumi. Mama yake mkubwa akakaa kitako tayari kumfundisha, akakuta hakuna cha kufundisha.

Basi Khole alipomwuliza Shukriya habari ya wapashaji, mimi nilielewa. Wengine hawakuelewa. Fakhriya, baada ya mgeni kuondoka, alikuja na shauri lake mwenyewe. Sisi tuliorudi kutoka Afrika miaka ile ya sabini, wengi umri wetu ulikadiriwa tu. Daktari alikutazama meno na mikono, akaandika. Kwa karatasi zangu mimi, mwanangu wa kwanza nilimzaa nikiwa na miaka minane, na hakuna ofisi iliyowahi kushangaa. Kwa nini, aliuliza Fakhriya, Khole asiende akakadiriwe upya, ajifunge ushungi vizuri, atie wanja, amtazame daktari chini chini?

Tulicheka mpaka machozi. Khole naye safari hii alicheka. Kisha akasema, "Miaka yangu nimeikaa yote. Sirudishi hata mmoja."

Aliyetaabika zaidi alikuwa Aliya. Kila mmoja alijua kuwa vumi litamwangukia yeye. Alikuwa na mkono mzuri, wenye nguvu, lakini alikuwa na haraka. Akifurahi anakimbia, na vumi likikimbia kikosi chote kinajikwaa. Siku ya kwanza ya mazoezi alikuja, akalitua vumi mbele ya Khole, akasema kama Bi Khole hapigi, yeye pia hapigi, na kamati waje wapige wenyewe.

Nilijua Khole angefurahi kuyasikia hayo, na sidhani kama hakufurahi. Lakini alilifungua vumi, akalitia mkanda, akauvuta begani kwa Aliya.

"Usipopiga, watasema ni kweli wazee walikuwa wakikuzuieni," alisema. "Simama sawasawa."

Mkanda ule ulikuwa wake mwenyewe wa miaka mingi, na palipokaa begani alikuwa ameshonea kanga iliyokunjwa mara nyingi ili usikate nyama. Kanga ile ilikuwa ya mama yake. Aliifumua pale pale, akaishona upya kwa kimo cha Aliya, na wakati wote akizungumza mambo mengine, bei ya mbuzi, ndoa ya mtu fulani Bidiya, kama kwamba hafanyi lolote. Aliya alijishika mashavu kwa viganja viwili akawa anamtazama. Mimi nilikwenda jikoni kupika chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Kwa miezi ile, Khole alimfundisha mjukuu wangu kila alasiri. Akiona haraka imemshika, hugonga chini kwa kisigino, na Aliya hurudi. Hapo ndipo mwenyewe nilipoanza kuogopa. Uwanjani Nizwa kisigino cha Khole hakitasikika.

Siku ya mashindano tulitoka Ibra asubuhi kwa basi dogo la Hamdun, mpwa wa Fakhriya. Ngoma zilijaa nyuma, sisi tumekaa mbele kama mizigo. Fanja tulisimama tukasali na kula mikate tuliyofunga, na Hamdun, bila ya kuambiwa na mtu, alilisogeza basi kivulini ili ngozi zisipasuke kwa jua. Tulipokaribia Nizwa Khole akamwuliza, kuni zi wapi? Kumbe kila mtu alidhani mwenzake amezipakia. Fakhriya alidhani ni mimi, mimi nilidhani ni Hamdun, na Hamdun alidhani kuwa Nizwa watu hupika kwa kuni.

Tukashuka Firq, kwenye magereji. Hamdun alizungumza na fundi mmoja Mbaluchi aliyekuwa chini ya lori, tukaona miguu tu. Yule fundi akatoka, akasikia kuwa kuna wanawake wazee wanataka kuni za kupashia ngoma, akaacha kazi yake, akayavunja makasha ya vipuri kwa nyundo, akatufungia mbao zote kwa waya. Alizifuta mafuta kwa tambara lake kabla ya kuzitia garini. Hakutaka kitu. Khole alimwombea dua ya watoto wema, na yeye akainamisha kichwa.

Uwanja wa skuli ulikuwa umepangwa vizuri. Walikuwa wamechora mstari wa chokaa kuzunguka pande zote, mweupe, ulionyooka. Viti vilikuwa upande mmoja na vilijaa wanawake na watoto, na mbele kulikuwa na meza ya waamuzi watatu. Ili vumbi lisipande, walikuwa wamemwaga maji uwanja mzima. Niliiona ardhi ile iliyoroa, nikamtazama Khole. Alikuwa tayari anaigusa ngozi ya vumi kwa mgongo wa mkono.

"Itanywa," alisema.

Akachagua mahali pa moto. Alitembea ukingoni mwa uwanja polepole, akasimama pale ambapo kikosi kitasimama kupiga mbele ya waamuzi, akarudi hatua moja nje ya chokaa, akatua mbao. Kijana mmoja wa kike wa kamati alikuja akasema moto ukae kule nyuma karibu na mifereji. Khole akamwambia kwa upole kwamba ngoma ikipashwa kule itafika hapa imeshapoa, na Shukriya ameruhusu. Yule binti akaitazama chokaa, akatutazama sisi watatu, tuko nje kweli. Akaondoka.

Mbali na ngoma za wasichana, tulikuwa tumeleta vumi la akiba na chapuo mbili za akiba. Hayo pia yaliruhusiwa, kwa sababu ngozi huweza kupasuka.

Kikosi cha Sur kilitangulia. Walivaa nguo nyeupe zenye ukanda wa kijani na ngoma zao zilikuwa mpya, zile za parafujo. Walipiga vizuri, sitawapunja. Waligeuka kama mlango mmoja. Kikosi cha Bidiya kilikuja nyuma yao, wakapotea kidogo wakati wa kugeuka, watu wakawapigia makofi zaidi kwa ajili hiyo. Sisi tulikuwa wa mwisho. Kufikia hapo jua lilikuwa limeteremka nyuma ya mlima na baridi imeanza, na maji yale ya ardhini yalikuwa yakipanda hewani. Tulizigeuza ngoma mbele ya moto moja baada ya moja, zikakaza, tukawatia wasichana mikanda yao. Aliya midomo ilikuwa imemkauka. Khole hakumpa nasaha yoyote. Alimfunga kifungo cha shingoni kilichofunguka, basi.

Wakaingia. Mwanzo ulikuwa mzuri. Walitembea, wakageuka, vumi linaita na chapuo zinajibu, na mimi nilikuwa nahesabu moyoni kila mguu. Wakaja mpaka mbele ya waamuzi, wakasimama karibu nasi, karibu kabisa, ningeweza kuushika upindo wa nguo ya mjukuu wangu. Hapo watu wakapiga vigelegele. Aliya akafurahi. Na alipofurahi, akaanza kukimbia.

Nilimwona Khole ameinama mbele ya moto na vumi la akiba. Alilivuta karibu na goti. Akaligonga mara moja, katikati.

Sauti ile ilipita chini ya sauti nyengine zote. Aliya hakugeuka, lakini bega lake lilishuka, na mkono wake ukasubiri. Khole akagonga tena. Pigo la Aliya likaja pale pale lilipo la Khole. Chapuo zote zikarudi mahali pake, na kikosi kikasimama sawa kama mtu aliyejikwaa akajishika.

Khole angeweza kuacha hapo. Hakuacha. Aliendelea kupima, na hakupima tena kwa ncha za vidole. Alikuwa amefumba macho, amekaa kitako juu ya kipande cha kasha la Firq, hatua moja nje ya chokaa, na alikuwa akipima vumi kama alivyolipima usiku wa harusi yangu. Fakhriya akaniangalia. Akachukua chapuo moja ya akiba, akanitupia mimi ya pili. Tukazipima.

Kwenye viti watu walianza kuinuka kutazama ile sauti nyengine inatoka wapi. Walipotuona, kulitokea kicheko kikubwa, si cha dhihaka.

Shukriya alikuja kwa haraka akizunguka kwa nje, mtandio umemteleza. Aliinama mbele ya Khole. Wasichana walikuwa bado wanapiga.

"Mama, umepewa ruhusa ya kupasha, si ya kupiga."

"Napima, mwanangu."

"Kupima huku?"

"Uliza wajuzi wowote unaowataka. Mkate haujulikani umeiva bila ya kuugusa."

"Mama Khole," Shukriya akasema, na sasa sauti yake ilikuwa chini sana, "mie siyo mjinga. Nimekwambia sababu yangu. Nimekwambia mbele ya watu."

Khole akafumbua macho. Mkono wake ukasimama juu ya ngozi. Nadhani ndipo alipomwona yule binti vizuri, binti ambaye hata motoni hakufikishwa.

"Na mimi nilikusikia," alimjibu. "Lakini unawafungulia hawa mlango kwa kunitoa mimi nje. Nyumba hii ina nafasi."

Shukriya akanyanyuka. Alikwenda kwenye meza, akanong'onezana na waamuzi, na wasichana walipomaliza, mmoja wa waamuzi akasoma uamuzi kwa kipaza sauti. Kikosi cha Ibra kimesaidiwa na watu waliopita umri. Alama zake hazitahesabiwa. Lakini kamati, kwa kuwa wasichana hawana kosa, inawapa nafasi ya kupiga mara ya pili, wapashaji wakiwa wameondoka ukingoni.

Khole alikuwa ameshaanza kuinuka. Niliona anavyokusanya nguo yake, na niliona kuwa hainuki kwa kushindwa. Alikuwa anainuka kwa ajili ya Aliya, kwa ajili ya kikombe na safari ya Maskati. Alilikabidhi vumi la akiba kwangu. Mikono yake ilikuwa na moto bado.

"Twende tukakae kwenye basi," alituambia. "Wapige. Wanajua."

Aliya alikuwa amesimama palepale, jasho linamtiririka. Alimtazama mwamuzi mwenye kipaza sauti. Akaitazama chokaa iliyokuwa mbele ya vidole vyake. Kisha mjukuu wangu, ambaye nimemfundisha mimi mwenyewe kutowajibu wakubwa, akaivuka. Alikuja na vumi lake begani akasimama karibu na moto, upande wetu.

"Rudi ndani," Khole akamwambia. "Mtakosa kikombe."

"Miaka iko ndani ya chokaa, Bibi. Hapa nje hakuna."

"Aliya, rudi."

"Ulisema nisimame sawasawa," alisema Aliya. "Nimesimama."

Wakaja wengine nyuma yake, kwanza wawili walioshikana mikono, halafu wote, kila mmoja akiinua mguu juu ya mstari kwa uangalifu ili asiufute. Hilo lilinigusa, kwamba hata katika ukaidi ule hawakutaka kuharibu kazi ya aliyechora. Uwanja ukabaki mtupu, mweupe pembeni, na sisi sote tukawa tumejibana kando ya moto mdogo wa mbao za makasha. Fakhriya akasema hajapata kuona uwanja mkubwa namna ile wenye vijana wachache namna ile.

Khole alinyoosha mkono kwangu. Nikamrudishia vumi.

Hatukupiga kwa kutembea wala kwa kugeuka. Tulipiga tumesimama, wakubwa kwa wadogo, mavumi mawili kwa pamoja. Aliya alianza kukimbia mara moja tu, akamtazama Khole, akarudi mwenyewe. Ngozi zilipolegea tulizigeuza motoni na wengine wakaendelea. Wanawake wakashuka kutoka kwenye viti wakatuzunguka. Wasichana wa Sur walikuja na ngoma zao za plastiki, wakasimama nyuma kwa haya kidogo, mpaka Fakhriya alipowaambia wasogee, moto hauchagui. Bidiya nao wakaja. Waamuzi walibaki mezani. Walikuwa na kazi yao.

Kikombe kilikwenda Sur, na walikistahiki. Sisi jina letu halikusomwa hata kwa nafasi ya mwisho.

Tulipokuwa tunafunga ngoma, Shukriya alikuja. Alikuwa amevua viatu, sijui kwa nini, labda vilikuwa vimelowa. Alisimama mbele ya moto uliobaki, akaikunjua mikono yake akaota moto. Kisha akaokota kipande cha ubao kilichoanguka pembeni, akakirudisha kwenye makaa. Nadhani hakujua kuwa anafanya hivyo. Khole alikuwa anamtazama. Akalichukua vumi la akiba, lililokuwa bado halijafungwa, akaliweka mbele yake.

"Limeiva, hebu nambie?" akamwuliza.

Shukriya akatazama kulia na kushoto. Akaligonga, mara moja, kwa vidole viwili. Halafu mara ya pili, kwa mkono mzima. Vumi likajibu kwa kifua.

"Sharti halitabadilika, mama," alisema, na macho yake yalikuwa yameroa.

"Mwakani nitakuwa na miaka hamsini na tatu," Khole akamjibu. "Mnaweza kuandika mapema."

Na kweli halikubadilika. Mwaka wa pili masharti yalipofika Ibra yalikuwa na yote ya zamani, kumi na tano mpaka ishirini na tano, na jipya moja lililoongezwa chini: moto hauruhusiwi karibu na uwanja. Aliya alitusomea kwa sauti barazani kwangu. Fakhriya akasema kumbe tumeingia kwenye sheria za nchi. Wasichana wakageuka kumtazama Khole, na mimi pia nikageuka, maana nilitaka kuuona uso wake.

Alimwomba Aliya asome tena lile la mwisho. Akasikiliza hadi neno la mwisho, akitikisa kichwa polepole kama mtu anayesikia bei ya kitu dukani.

"Jua je?" aliuliza. "Wameandika kitu juu ya jua?"

Aliya akatazama juu mpaka chini. Hawakuandika.

"Basi tutaanika," alisema Khole. Akalivuta vumi lake, akaikagua ngozi, akaona ufa mdogo ukingoni, akaniuliza kama Ijumaa nina nafasi ya kwenda naye sokoni kutafuta ngozi mpya.